Kukizunguka Chungu

Ukitoka Abuja, mji mkuu wa Nigeria, kwa barabara kuu iendayo Kaduna, jabali la Zuma hukupokea kabla hujaziona nyumba za Suleja. Suleja ndiyo Abuja ya zamani. Jina lake lilichukuliwa na kupewa mji mkuu mpya ulioamuliwa mwaka 1976, na mji wenyewe ukabaki na jina jingine. Kwa hiyo msafiri anayekitafuta kile Kituo cha Mafunzo ya Ufinyanzi cha Abuja, kilichoanzishwa na mfinyanzi Michael Cardew mwanzoni mwa miaka ya 1950, asipotelee katika barabara pana za serikali, aje huku. Nimefika hapa na swali moja, nami nitalibeba hadi Uingereza, New Mexico na mwambao wa Ziwa Nyasa: mwanafunzi anayetaka kufinyanga kwa mikono, bila gurudumu, aanzie wapi, na afundishwe na nani? Zipo ratiba za masomo zinazoiweka kazi ya mikono katika wiki za kwanza, kama mazoezi ya kulainisha vidole, na mwanafunzi akishazoea udongo hupandishwa daraja na kukalishwa kwenye gurudumu. Mimi nashikilia kwamba mpangilio huo umepinduliwa miguu juu. Kufinyanga kwa mikono ni elimu kamili inayojitosheleza, yenye mwanzo wake na ubingwa wake, na walimu wake wengi ni wanawake ambao chuo hakijawahi kuwaita walimu.

Ushahidi wa kwanza uko katika mwili wa mfinyanzi. Mwanamke wa Wagbagyi, ambao majirani zao huwaita Wagwari, huweka donge la udongo chini, akalididimiza katikati kwa ngumi, akauvuta ukuta juu kwa mkono wa ndani na wa nje. Ukuta ukifika pale donge linapoishia, huendelea kwa kamba nene za udongo, moja juu ya nyingine, akizibana na kuzikwangua kwa kipande cha kibuyu hata usione tena palipoungwa. Muda wote huo chungu kimetulia. Anayezunguka ni yeye. Picha nyingi zilizopigwa za Ladi Kwali, bingwa aliyezaliwa katika kijiji cha Kwali yapata mwaka 1925, zinamwonyesha amejipinda kiunoni, mikono i kwenye ukuta, na miguu yake ikimpeleka kinyumenyume kukizunguka chungu. Tofauti na gurudumu ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kwenye gurudumu mviringo hutolewa na chombo, hata kile cha kusukumwa kwa mguu, na kazi ya mfinyanzi ni kuutuliza udongo katikati ya mzunguko ule. Hapa mviringo unatoka katika hatua za mtu. Hatua zikipotoka, mdomo wa chungu nao huenda upande. Mwanafunzi anayefundishwa hivi hujifunza kwa nyayo, kwa kiuno, kwa jicho linalopima mbali na karibu kila anapogeuka. Somo la aina hii haliingii kirahisi katika daftari, na nadhani ndiyo sababu shule ikalichukulia kuwa dogo.

Ushahidi wa pili ni wakati. Waswahili tunasema udongo uwahi ungali maji, na tumezoea kuielekeza methali hiyo kwa malezi ya watoto. Ni kweli, lakini mfinyanzi wa mikono analijua fungu la pili ambalo methali haikulitaja: udongo ungali maji haubebi kitu. Ukiongeza kamba ya tano juu ya ukuta mbichi, ukuta utafura tumboni, kisha utaketi. Lazima sehemu ya chini iachwe ikaze kidogo, ifikie ugumu wa ngozi, huku ukingo wa juu ukifunikwa kwa jani au kitambaa kibichi ili ukubali kamba inayofuata. Kamba mbichi ikiwekwa juu ya ukuta mkavu, kimoja hunywea na kingine kimeshanywea, na ufa hutokea palepale vilipoungana. Udongo unapokauka hupungua ukubwa, kila udongo kwa kipimo chake, na hakuna kitabu kinachoweza kukuambia kipimo cha udongo wa bonde la kijiji fulani baada ya mvua. Kwa hiyo mwanafunzi hana budi kuwa na vyungu vitatu au vinne kwa pamoja, kimoja kikisubiri na kingine kikijengwa, na awe mtu wa kuugusa udongo na kujua saa yake. Kipindi cha saa mbili darasani, kisha kengele, hakimfundishi hilo. Gurudumu linavumilia ratiba ya namna hiyo, kwa kuwa bakuli husimama kwa dakika chache. Chungu kikubwa cha mikono hakiivumilii, na kosa hapo ni la ratiba.

Yapo pia mambo ya moto, ambayo mwanafunzi mara nyingi huyajua kwa kupoteza kazi yake. Chungu kinachoonekana kikavu bado kina maji, na moto ukija ghafla maji yale hugeuka mvuke na kukipasua. Hata baada ya mvuke huo kutoka, kuna maji yaliyofungamana na udongo wenyewe, ambayo huachia kwenye joto la nyuzi 500 hivi na zaidi. Hapo ndipo udongo unapoacha kuwa udongo na hauwezi tena kurudi tope. Moto wa wazi wa nyasi na kuni hufika kati ya nyuzi 600 na 900, na hupanda upesi. Ndiyo maana wafinyanzi huchanganya mchanga au vigae vilivyosagwa katika udongo wao. Punje hizo huacha vinjia vya mvuke na kuufanya ukuta ustahimili mshtuko wa joto, jikoni kama kwenye kuchoma. Mtu atakayesema kwamba mafundi hawa wanafanya kazi kwa mazoea tu, bila sayansi, atueleze kwanza mchanganyiko huo ulipatikanaje kama si kwa kujaribu, kulinganisha, kukumbuka na kusahihisha, kizazi baada ya kizazi.

Tubaki Suleja kidogo, kwa sababu historia ya kituo hiki inaufafanua ubishi wenyewe. Cardew alikuwa Mwingereza aliyeingia kwenye karakana ya mfinyanzi Bernard Leach kule St Ives mwaka 1923. Alikuja Nigeria mwanzoni mwa miaka ya 1950 akiwa ofisa wa ufinyanzi wa serikali ya kikoloni, na mradi wake ulikuwa gurudumu, tanuri la kuni linalokaribia nyuzi 1,300, na glezi, yaani ule utando wa kioo unaoziba vinyweleo vya udongo. Wanafunzi wa kwanza walikuwa wanaume. Wanawake, ambao ndio waliokuwa wakifinyanga vyungu vya eneo lote, hawakuwamo. Lakini katika jumba la Emir wa Abuja, Suleiman Barau, kulikuwa na vyungu vya Ladi Kwali, na Cardew aliviona. Mwaka 1954 mama huyo akaingia kituoni, mwanamke wa kwanza. Aliingia kama mwanafunzi hali ameshakuwa bingwa, maana alifundishwa tangu utotoni na ndugu wa kike wa mzazi wake. Alijifunza gurudumu na akaliweza. Hata hivyo vyungu vyake vikubwa, vyenye mijusi, nge, mamba na nyoka waliochorwa kwa kuchanjwa ukutani, aliendelea kuvijenga kwa mikono huku akivizunguka, kisha vikapakwa glezi na kuingizwa katika tanuri la Cardew. Vilioneshwa London kuanzia 1958, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 mwenyewe akaenda Uingereza kuonyesha kazi mbele ya watu. Leo yuko nyuma ya noti ya naira 20, yeye na chungu chake. Kituo kilichoanzishwa ili kuwafundisha watu gurudumu kilisifika duniani kwa kazi ya mikono ya mwanafunzi wake, na baadaye kikapewa jina lake.

Sitaki kuificha hasara iliyokuwamo. Msomaji wa pwani anajua tangu utotoni kwa nini maji ya mtungi ni baridi: mtungi hutoka jasho, na jasho linapokauka huchukua joto na kuondoka nalo. Ukiupaka glezi umeuziba. Chungu cha Ladi Kwali kilichotoka katika tanuri la kituo kilikuwa kigumu kama jiwe na kizuri mno, ila hakikuwa tena chombo cha kupoza maji; kilihamia kwenye nyumba za wageni na majumba ya makumbusho. Wengine wanaliona hilo kama uharibifu. Mimi naona ni onyo kwa mwalimu: kabla ya kurekebisha kile anachokiona kuwa dosari, aulize chombo kinatumikaje. Kile ambacho ofisa wa ufinyanzi angekiita uvujaji, mama mwenye nyumba angekiita kazi ya mtungi.

Kutoka hapa njia inarudi kwetu, kisha inatoka tena, na kuzunguka huko ndiko kunakonisumbua zaidi. Mfinyanzi Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, na sehemu ya utoto wake ikapita India na Mombasa. Alisomea sanaa za biashara Kabete, na mwaka 1971 akaenda Cambridge kuendeleza fani hiyohiyo. Huko ndiko alikovutwa na udongo. Akahamia chuo cha sanaa cha Farnham, na katika miaka ya 1974 na 1975, akiwa bado mwanafunzi, akasafiri kwenda Abuja kukaa na akina mama wa kituo, Ladi Kwali akiwa mmojawao, kisha Kenya, kutazama vyungu vinavyojengwa kwa mikono. Tuutazame mstari huo kwenye ramani. Binti wa Kenya, nchi ambayo akina mama wa Kijaluo, wa Kikamba na wengine walikuwa wakifinyanga na kuuza vyungu sokoni kila wiki, ilibidi apitie Uingereza na Nigeria ndipo ufinyanzi wa mikono uwe somo kwake. Walimu walikuwapo nyumbani. Kilichokosekana ni shule iliyokubali kwamba wao ni walimu. Mwanafunzi wa sanaa Nairobi ya miaka ya 1960 angeweza kupita sokoni, akanunua chungu, akala kilichopikwa humo, na asiambiwe na mtu yeyote kwamba kile alichokishika ni elimu.

Farnham ni mji mdogo wa Surrey, kama saa moja kwa treni kutoka kituo cha Waterloo, London. Ulikuwa na udongo wake na mafundi wake kabla ya kuwa na chuo. Wrecclesham, pembeni tu mwa mji, ukoo wa Harris uliendesha kiwanda cha ufinyanzi tangu miaka ya 1870. Naitaja Farnham ili kuwapa haki yao wale wanaonipinga kwa kusema: mbona basi unakilaumu chuo, na chuo ndicho kilichomfanya Odundo awe Odundo? Ni hoja nzito. Chuo kilimpa muda, tanuri, maktaba, na majumba ya makumbusho ambamo angeweza kukilinganisha chombo cha Uganda na cha Ugiriki ya kale. Alisoma tena katika Royal College of Art, London, kuanzia 1979 hadi 1982. Baadaye akawa mwalimu Farnham, na mwaka 2018 akawa mkuu wa heshima wa chuo kikuu kilichotokana na chuo kile, University for the Creative Arts. Siyakatai hayo hata kidogo. Lakini tazama kazi yenyewe. Mpaka leo anaanza na donge, analididimiza kwa ngumi, anauvuta ukuta, anaongeza kamba, anakwangua kwa kipande cha kibuyu. Anasugua kwa kijiwe, anapaka uji wa udongo mwembamba, anasugua tena hadi ung'ae bila glezi. Akichoma kwa hewa ya kutosha, chuma kilichomo kwenye udongo hutoa rangi nyekundu ya machungwa. Akitaka cheusi, hukirudisha motoni ndani ya kasha lililozibwa, pamoja na vipande vya kuni, ili hewa ikosekane na masizi yaingie katika vinyweleo. Mkono wake ulifundishwa safarini. Chuo kilimpa mahali pa kuutumia mkono ule na kuufikiria, nacho kilifanya vizuri pale kilipokubali kumwachilia aende.

Ile rangi nyeusi inatupeleka New Mexico, ambako Odundo naye alikwenda. San Ildefonso ni kijiji cha Wapueblo, wenyeji asilia wa Marekani, kaskazini ya Santa Fe, kando ya mto Rio Grande, na mgeni huingia kwa masharti ya wenyeji, hata katika kupiga picha. Hapa aliishi mfinyanzi Maria Martinez, aliyefariki mwaka 1980, na mumewe Julian aliyekuwa akichora juu ya vyombo alivyovijenga mkewe. Udongo wa hapa huchanganywa na majivu ya volkano. Chombo huanzishwa ndani ya bakuli pana lisilo na kina, huinuliwa kwa kamba za udongo, hukwanguliwa kwa kibuyu na kusuguliwa kwa kijiwe ambacho mara nyingi kimerithiwa. Mwishoni moto hufukiwa kwa samadi ya farasi iliyosagika, hewa ikazibwa, chombo kikatoka cheusi. Maria naye alifundishwa na ndugu wa kike wa mzazi wake, kama Ladi Kwali. Kisha mwanaakiolojia Edgar Lee Hewett akamletea vigae vilivyofukuliwa na kumwomba ajenge vyombo vya namna ile. Mfinyanzi hulia gaeni, husema wahenga wetu kwa kumhurumia. Huyu vigae vilimpa chakula cha aina nyingine kabisa. Kutokana na majaribio yale, karibu na mwaka 1919, yeye na Julian walipata mtindo wa nakshi isiyong'aa juu ya weusi unaong'aa, jambo ambalo wazee wao hawakuwa nalo. Nalitia mkazo kwa sababu pingamizi la kawaida ni kwamba kazi ya mikono hurudia yaleyale, na kwamba ubunifu huja na mashine. San Ildefonso haikuingiza gurudumu. Ilibadilisha moto na uso wa chombo, na kijiji kizima kikapata riziki kwa mabadiliko hayo.

Riziki ndiyo hoja ambayo wazazi wa mwanafunzi yeyote wataitanguliza, nao wana haki. Gurudumu ni la haraka. Mwenye ujuzi hutoa vikombe vingi kabla chungu kimoja cha mikono hakijakauka shingo. Kwa vikombe na sahani sina ubishi, aende kwenye gurudumu, au afadhali zaidi kwenye kalibu. Ila hesabu ya kasi peke yake haijakamilika. Gurudumu linataka fedha za kulinunua, chumba cha kuliweka, mara nyingi na umeme. Tanuri la nyuzi 1,300 linataka kuni au gesi kwa saa nyingi mfululizo, na misitu yetu inajua kuni hizo zinatoka wapi. Mwanafunzi anayemaliza chuo akiwa anajua gurudumu pekee hurudi nyumbani bila kitendea kazi. Anayejua kujenga kwa kamba na kuchoma kwa nyasi huanza kesho yake, na anaweza kujenga chombo kipana ambacho kwenye gurudumu kingemhitaji fundi wa miaka mingi. Na wanunuzi wapo. Sufuria za alumini na ndoo za plastiki zimeondoa sehemu kubwa ya soko la mitungi, sikatai, lakini watu bado wanataka vyetezo, vyungu vya maua, vyungu vya kupikia maharage, na majiko ya mkaa yenye kigae ndani ambayo Kenya iliyaeneza tangu miaka ya 1980. Wapo pia wanaosema mwanafunzi anaweza kujifunza haya yote kwa video za simu. Ataona umbo la mikono, kweli. Hataona unyevu. Udongo uliofikia ugumu wa ngozi na ule ambao bado haujafika hufanana kabisa kwenye kioo cha simu, na tofauti yao ndiyo ufinyanzi wenyewe.

Naimalizia njia hii Ziwa Nyasa, wilaya ya Kyela, kwa sababu hapa hoja inaweza kutendeka bila kusubiri mfadhili. Matema iko chini ya milima ya Livingstone, pale ziwa linapoishia kaskazini. Ukiendelea kandokando ya maji, kwa mtumbwi au kwa mguu, unafika Ikombe, kwa wafinyanzi wa Kikisi. Wanawake wa hapa wamelisha mikoa ya juu kwa vyungu tangu kabla ya barabara, na vyungu vyao bado huvushwa kwa mitumbwi kwenda kuuzwa Lyulilo na kwingineko. Mwanafunzi wa sanaa wa Dar es Salaam au Mbeya hana haja ya kwenda Suleja, sembuse Farnham. Anachohitaji ni chuo kinachokubali kuandika katika ratiba yake kwamba miezi miwili ya mwaka wa pili itasomwa Ikombe, kwa alama, na kwamba mama anayefundisha atalipwa kwa saa kama anavyolipwa mhadhiri wa nje, bila kudaiwa cheti. Nimewasikia wanaohofia kwamba fedha za chuo zitaharibu desturi, kwamba mama akishalipwa kufundisha ataacha kufinyanga. Ladi Kwali alilipwa, na hakuacha. Kinachoua desturi kwa hakika ni binti wa mfinyanzi anayeona kwamba elimu ya mama yake haina malipo mahali popote, akaondoka. Wengine watauliza kama akina mama wenyewe wangekubali wageni wakae kwao kwa muda mrefu namna hiyo. Hilo waulizwe wao kwanza, kabla ya mhadhiri na kabla ya wizara, nao wakikataa ratiba ibadilike. Wakikubali, kalenda haina tatizo: likizo ndefu ya vyuo huangukia kiangazi, na Agosti hadi Oktoba mvua za Kyela zimepungua, udongo unachimbika, vyungu vinakauka kwa siku chache, na nyasi za kuchomea zimekwisha kuwa kavu.